Pombe ya Baba Iliyogeuka Siki

Baba alikufa kwa pombe. Sisi tulisema ni ini, na daktari naye alisema ni ini, lakini majirani wote wa Bwera walijua. Alikuwa akitengeneza tonto, pombe ya ndizi, nyuma ya nyumba. Akiuza kidogo, nyingine akinywa mwenyewe. Tulipomzika, aliacha madumu yamejaa jikoni. Mama hakuyagusa. Alihamishia mafiga nje, akawa anapikia uani asiyaone.

Matanga yalipokwisha nilimkuta ameburuta dumu moja hadi mtaroni ili aimwage pombe. Alipofungua kifuniko, uchachu ulitupanda puani. Mpangaji wetu alikuwa akifua karibu. Alikuwa mjane aliyekimbia vita upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, akachukua chumba chetu cha nyuma. Aliacha nguo kwenye beseni akaja mbio, mikono imejaa povu.

"Usimwange, mama!"

"Hii kitu ilimaliza bwana yangu," Mama alisema. "Siitaki hapa."

"Najua. Lakini haiko pombe tena. Iko nageuka vinegre. Onja."

Mama akakataa. Mpangaji akachovya kidole, akaonja, kisha akanipa na mimi. Kweli ilikuwa siki, ingawa bado changa.

Mama aliketi kwenye kizingiti, akamwachia afanye alivyotaka. Mpangaji aliichuja kwa kitambaa, akaimimina kwenye vyungu vyenye midomo mipana, akavifunika kwa kipande cha kitenge ili hewa ipite na nzi wasiingie. Baada ya majuma kadhaa utando mzito ulitanda juu, na siki ikawa kali ya kutoa machozi. Tukaitia kwenye chupa za maji, tukaanza kuizungusha nyumba kwa nyumba. Watu waliitaka kwa kachumbari na kwa kuhifadhia pilipili.

Siku moja nilikuwa na Mama kwenye mlango wa mwanamke tuliyesali naye kanisa moja. Aliitazama ile chupa, hakuipokea.

"Unatuuzia pombe ya marehemu?"

Nilitaka tuondoke. Mama, ambaye hakuwahi kutia pombe mdomoni maisha yake yote, akamimina siki kwenye kiganja, akainywa mbele yake. Uso ulimkunjamana.

"Bwana yangu alikunywa, akasahau sisi," alisema. "Hii haisahaulishi mtu. Kama huitaki, hakuna shida, dada yangu."

Yule mwanamke aliinamisha kichwa. Kisha akanyoosha mkono, akaipokea.

Siki ya Baba ilidumu hadi msimu wa kahawa. Siku tulipomaliza chungu cha mwisho, Mama alikibeba mwenyewe hadi bombani, akakisugua kwa majivu ndani na nje. Nilidhani amemaliza, lakini akaendelea kukisugua. Ghafla akakaa chini palepale kwenye tope na kulia kwa sauti. Makaburini hakuwa amelia. Aliita jina la Baba, lile la ujanani ambalo mimi sikuwahi kulisikia.

Mpangaji alipiga magoti akamkumbatia. "Lia, mama," alimwambia. "Mimi wangu sikumuzika hata." Naye akaanza kulia. Nikafunga bomba, maji yalikuwa yakiwalowesha, nikasimama karibu nao.

Juma lililofuata Mama alinituma sokoni Munkunyu kununua ndizi mbivu za siki.