Njia za Chokaa

Fundi Mkongo anapaka chokaa ukuta wa uani kwetu hapa ugenini, Jeppestown, na ile harufu mbichi imenikalisha kitako. Si kwamba nilikuwa na safari. Mimi hata spaza, kiduka cha kona, namtuma mtu.

Siku ile, enzi za sekondari kule nyumbani, nilikuwa nimeinama uwanjani, natikisa kopo la maziwa tulilolitoboa matundu, chokaa ikidondoka na kuchora njia za kukimbilia. Vidole vilikuwa vinawasha. Kesho yake sekondari zote za wilaya zingekuja kushindana, na mimi, niliyekuwa sijawahi kuchaguliwa kwa lolote, ningekimbia zamu ya mwisho kwenye mbio za kupokezana vijiti.

Mwalimu wa michezo akaja na barua.

"Acheni hiyo kazi. Wilaya imegawanywa. Sisi tumeangukia wilaya mpya, na mashindano ya zamani yamefutwa."

"Basi tutashindana na za wilaya mpya, mwalimu," nikasema.

"Wilaya mpya sekondari ni sisi tu."

"Kumbe tushakuwa mabingwa!" akadakia mwenzangu wa mbio.

Tulicheka, hata mwalimu. Kisha akaikunja barua, akaondoka.

"Haya kimbia, bingwa," mwenzangu akanitania, akinikabidhi kijiti. "Leo hakuna wa kukupita."

Nikakimbia kweli, kwa nguvu zangu zote. Mwishoni hapakuwa na mtu wa kushika utepe. Nikaupita mstari niliouchora mwenyewe, nikaendelea hadi kwenye michongoma, maana hakuna aliyeniambia kwamba nimefika.