Pikipiki ya Hasani wa Kondoa

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya reli pale Dodoma, wakati wa Wajerumani, bwana karakana alinikataza kugusa kitu chochote ambacho sikukijua jina. Basi nikashinda nikiuliza majina. Hiki ni kabureta, chungu kidogo kinachochanganya petroli na hewa. Hiki ni plagi, ndicho hutoa cheche. Nilikuwa nimetoka Buigiri na nguo zangu za misheni, na mchana ule nilijiona kama mtu anayefundishwa kusema upya.

Mwaka uliofuata mhandisi mmoja wa reli alifunga mizigo kurudi kwao Ulaya, akamuuzia pikipiki yake Hasani, mfanyabiashara wa nta kutoka Kondoa. Hasani aliuza karibu kila alichokuwa nacho, akabaki na punda wake wa kubebea nta. Mhandisi akamfundisha kuiendesha uwanjani nyuma ya stesheni, na sisi wa karakana tukaacha nyundo kwenda kutazama. Nilikuwa nimezoea treni, lakini treni ina reli zake. Chombo hiki kilikwenda popote mtu alipotaka.

Kuimiliki kulikuwa na taratibu zake. Ilibidi iandikishwe bomani ipewe kibao cha namba. Hasani alitaka pia kuikatia bima, yaani kampuni imlipe ikiungua au ikivunjika, na wakala wa bima alikuwa amekuja na treni kutoka pwani. Bwana Shauri, mkuu wa boma, alimpa Hasani sharti.

"Nenda nayo Buigiri urudi," alisema. "Ukirudi salama, nitaiandikisha. Ukimuumiza mtu, naichukua."

"Nami nitaikatia bima ikirudi nzima," akasema wakala.

Bwana karakana akanituma nikae nyuma, niwe shahidi wa hali ya chombo.

Tulikwenda vizuri. Miiba na vichuguu vilipita kando kwa kasi ambayo macho yangu hayakuwahi kuiona. Tulipokuwa tunarudi, tukiteremka kuelekea korongo, mzee wa Kigogo alitokea vichakani na ng'ombe wake, akasimama katikati ya njia akiwa ametupa mgongo. Hasani alipiga honi. Mzee hakugeuka. Alipofunga breki, magurudumu yaliteleza kwenye mchanga.

"Jishike," Hasani aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa. Akaiacha njia, akaitupa pikipiki yake kwenye miiba.

Tulitoka tumechanika. Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ulikuwa umepinda vibaya. Hasani hakuutazama. Alimwendea mzee kwanza.

"Shikamoo, mzee. Umeumia?"

"Sema kwa nguvu," akajibu mzee. "Masikio yangu mazito."

Tuliikokota hadi bomani. Wakala alipouona uma, akafunga mkoba wake. Bwana Shauri alikuwa anaanza kusema, ndipo yule mzee akaingia na fimbo yake. Jina lake Chidawali. Alikuwa ametufuata kwa miguu njia nzima, ng'ombe amemwachia nduguye.

"Mtu huyu angeweza kunigonga mimi," alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo viziwi. "Akaharibu mali yake. Sasa mnamhukumu kwa lipi?"

Bwana Shauri akamwita karani alete kibao. Wakala alitoka bila kuaga. Keshoye alikuja karakanani, akanikuta nanyoosha uma kwa moto na nyundo, akasubiri hadi nikamaliza, kisha akamkatia Hasani bima.

Vita vilipokuja, jeshi lilichukua pikipiki, na bima haikulipa mali iliyochukuliwa vitani. Hasani alirudia punda wake. Mimi nilipelekwa Tabora, kisha Morogoro, nikafanya kazi chini ya mabwana wengi, Wajerumani na baadaye Waingereza, hadi mikono ilipoanza kutetemeka nikastaafu.

Siku hizi pikipiki hupita mbele ya nyumba yangu kutwa. Vijana hudhani mimi, fundi wa zamani, nimezizoea. Kila ikipita moja nasimama, naisikiliza hadi mlio wake uishe kabisa. Sijazizoea.