Walioniita Wakili Msuli, njooni muone nyumba ya shangazi ilivyopona

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mzuka bado haujaniisha.

Mimi nimesoma sheria, ila mahakamani siendi. Nimeajiriwa na kampuni inayochapisha hukumu. Kazi yangu ni kuzisoma, kuziandikia muhtasari na kufuatilia kama zilitenguliwa huko juu. Nafanyia home, Ujiji, laptop na bando basi.

Sasa kamweleze mama hapo!

"Wakili gani anashinda na msuli? Wenzako wanavaa suti."

Majirani nao wakadaka, nikawa Wakili Msuli. Nikazoea.

Turudi kwenye stori. Shangazi yangu Mariamu anaanika dagaa kijijini Mwamgongo, lakini nyumba aliyojenga na mumewe iko hapa Ujiji. Jamaa akaiuza kimyakimya, mke hana habari, akatokomea. Mnunuzi akaja kumtoa shangazi. Kesi ikaenda Baraza la Ardhi.

(Sekondari yote nimelelewa kwenye nyumba hiyo. Iliniuma balaa.)

Ushahidi ukaisha, zikabaki hoja za mwisho za maandishi. Siku moja wakili wa shangazi, Neema, akaja home amenywea kabisa.

"Kaka, wametupiga. Wameleta hukumu ya Mahakama Kuu, eti mke asiye na jina kwenye hati hana sauti. Nimetafuta kama ilikatiwa rufaa, sioni kitu."

Akanipa nisome.

Wakuu, niliruka kwenye mkeka msuli nusura univuke! Hukumu ile nilishaiandikia muhtasari kwa mkono wangu!

"Neema, umetafuta kwa majina gani?"

"Si haya haya yaliyoandikwa hapa."

Hapo ndipo mawakili wengi wanapigwa chenga. Kesi ikienda rufaa majina yanageuka, aliyeshindwa chini ndiye anatangulia juu. Ukitafuta kwa mpangilio wa mwanzo unaambulia patupu. Sisi wahariri huo ndio ugali wetu, kila hukumu lazima uigeuze majina uitafute upya.

Nikageuza. Ikatoka! Mahakama ya Rufani ilishaitengua: nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mke, jina lake liwepo lisiwepo.

Neema alipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni na mwiko, akijua nyoka kaingia. Tukamweleza.

"Kwa hiyo wifi yangu hatoki?"

"Tungoje uamuzi, mama," nikamjibu. Neema akaiweka hukumu ya rufaa kwenye hoja zake.

Siku ya uamuzi mwenyekiti wa baraza alisoma taratibu hadi nikatamani nimsaidie. Kisha akaitaja ile hukumu ya rufaa. Mauzo batili, nyumba ibaki. Shangazi akapiga kigelegele mle mle ndani. Karani akamnyamazisha, akapiga kingine!

Nilichojifunza: usiogope hukumu unayotishiwa nayo mpaka ujue iliishia wapi. Na nyie ambao nyumbani hawaelewi mnafanya kazi gani, hebu tiririkeni hapa chini tujuane.

Juzi tulikuwa kwa shangazi, samaki mgebuka yuko jikoni, mimi barazani na msuli wangu, laptop mapajani. Jirani akapita akaanza, "Huyu naye hana kazi?"

Mama akamkata juu kwa juu: "Punguza sauti wewe. Wakili yuko kazini."