Kiti cha Kulia Hakikuwa na Mtu

Nianze kwa kuwaambia kwamba sinywi. Hata rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya harusini huwa naipokea kwa adabu, naigusisha midomoni, nampasia aliye pembeni. Nalisema hili mapema kwa sababu kila niliyemsimulia amenisogelea kwanza aninuse. Jambo lenyewe lilinitokea mimi, mchana kweupe, nikitoka Muleba kurudi Bukoba kwa ndege yangu ndogo. Ndiyo, ndege. Najua mnavyotutania Wahaya, kwamba mmoja wetu akinunua baiskeli lazima wilaya nzima ijue. Cheka kwanza, ukimaliza unisikilize.

Miaka mingi nilikuwa fundi wa ndege Mwanza. Nilipostaafu niliondoka na ndege ya viti viwili iliyokuwa imeachwa ioze pembeni ya uwanja, nikaijenga upya kwa mikono yangu, na leseni ya urubani binafsi nikaipata uzeeni. Sibebi abiria, sifanyi biashara nayo. Naruka kwa sababu mke wangu Anitha alifariki. Amelala kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani kwetu Kaagya, na mimi nilishindwa kukaa pale nikimtazama, nikahamia nyumba ya kupanga Kibeta. Jumamosi ni ndefu sana kwa mtu anayeishi peke yake. Kwa hiyo kila Jumamosi nilikuwa naruka hadi kwa Ta Muta, rafiki yangu wa tangu shule, ambaye amefyeka kiwanja cha nyasi shambani kwake huko Muleba. Tunakula, tunabishana siasa, halafu narudi nyumbani kabla ya giza.

Sasa habari ya masikio. Injini ya ndege ndogo iko mbele yako kabisa, na rubani asipovaa hedseti nzuri, baada ya miaka michache anaanza kuwaambia watu "eh?" kila wakisema neno. Mimi nilikuwa nimeshafika huko. Hedseti yangu ya zamani ilikuwa ya kawaida, ile ya kuziba masikio kwa kubana tu. Ilibana kichwa kama mtu anayekudai. Nikauliza kwenye kundi letu la WhatsApp la marubani ninunue ipi, na nikajuta kuuliza. Mmoja anasema tafuta nyepesi, uzito ndio unaoua shingo. Mwingine anasema angalia kipaza sauti, kwa sababu mnara, wale waongoza ndege, wasipokusikia hedseti hiyo ni pambo. Wa tatu akasema nisipoteze muda, siku hizi kuna zinazotumia betri, zinasikiliza ngurumo ya injini na kuifuta kabla haijakufikia. Walibishana wiki nzima. Mimi nikabaki nasita, nikiogopa kuchagua vibaya.

Binti yangu Koku, anayefanya kazi Dodoma, ndiye aliyenichagulia. Alichoka kunipigia simu na kurudia kila sentensi. Akanitumia hiyo ya betri, mpya, ndani ya boksi zuri. Kwa kweli nililia kidogo. Ile ya zamani sikuitupa, niliichomeka upande wa kulia na kuilaza kitini, kwa ajili ya siku Ta Muta akitaka kupanda.

Jumamosi ya kwanza kuivaa ile mpya, nikiwa natoka kwa Ta Muta, nilipaa, nikafuata ufuko kuelekea kaskazini, ziwa likiwa kulia kwangu. Kulikuwa na ukungu mwepesi wa mchana, ule unaofanya maji na mbingu vishikane. Nikabonyeza kitufe cha hedseti. Jamani, niwaeleze vipi? Injini ilinyamaza. Propela nilikuwa naiona inazunguka, usukani unatetemeka mkononi, lakini kelele ilibaki kwa mbali, mtu angedhani ni mashine ya kusaga ya kijiji cha jirani.

Mnadhani nilifurahi? Nilipatwa na huzuni ambayo sikuitarajia. Nikagundua kwamba tangu Anitha aondoke nilikuwa nategemea ile kelele. Ilijaza kichwa, haikuacha nafasi ya kuwaza. Ilipoondoka nilijisikia peke yangu kuliko siku ile tulipotoka kuzika. Nilisema kwa sauti, bila kumwambia mtu, "Haya, nimebaki mimi."

Ndipo nikaitwa. Sauti iliita herufi za ndege yangu, taratibu, kama mnara wa Bukoba wanavyoniita.

Hapa ndipo nilipokosea, na nataka mnielewe, kwa sababu ni kosa ambalo rubani pekee angelifanya. Kwetu mtoto anafundishwa hivi: ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, nyamaza. Kama ni mtu, ataita tena. Kile kingine huita mara moja tu, na ukiitika umekikaribisha. Mama yangu alinichapa kwa ajili ya hilo, nilipoitika sauti kutoka migombani. Lakini angani nilifundishwa kinyume. Ukiitwa, jibu hapo hapo, taja herufi zako, kisha rudia ulichoambiwa ili wajue umesikia. Hiyo imeshaingia mwilini, haingoji uifikirie. Nikabonyeza kitufe cha kuongea na nikaitika.

Sauti ikauliza, kwa Kihaya, tuko wangapi ndani ya ndege.

Mnara huuliza hivyo, ni kawaida yao, lakini redioni tunazungumza Kiingereza. Nikafikiri labda ni yule kijana wa zamu anayenitania. Nikajibu kwa Kihaya vilevile kwamba niko peke yangu.

Sauti ikasema: "Tuko wawili."

Niaminini, sauti ya redio naijua. Ina mkwaruzo wake kabla ya maneno na baada ya maneno. Hii haikuwa na mkwaruzo. Ilikuja kwa ule waya wa ndani unaounganisha viti viwili, safi kabisa, na pumzi yake ikisikika. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa makamo, mpole, mwenye adabu. Haikuwa ya Anitha. Ingekuwa ya Anitha ningejua ni uchungu wangu unanichezea, ningekunywa maji nikaendelea. Nilitazama kulia. Hakukuwa na mtu, ila mkanda wa kiti na ile hedseti ya zamani.

Je, niliogopa? Mwili uliogopa. Lakini moyo, Mungu anisamehe, moyo ulifurahi. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula kwa rafiki. Akauliza nyumbani nani ananingoja. Nikarudia swali lake lote, vile rubani anavyorudia, kwamba nyumbani hakuna anayeningoja. Hebu fikirieni, mtu anaulizwa hivyo na anajibu vizuri, kwa utulivu, kama anatoa taarifa ya hali ya hewa. Ni tangu lini nilikuwa sijaulizwa kama nimekula? Koku huniuliza kuhusu presha tu.

"Basi hakuna haraka," akasema. "Pinda huku kwangu kidogo."

Kwake ni kulia. Kulia ni ziwa. Na mimi nikarudia, nikasema napinda kulia, na nikapinda. Sikuvutwa na mtu, usukani haukujigeuza. Niligeuza mwenyewe. Ufuko ukabaki nyuma, mbele kukawa na ule weupe tu usio na mwisho, na sisi tukawa tunaongea. Aliniuliza habari za Anitha nami nikamweleza mambo ambayo sikuwahi kumweleza mchungaji. Nilijisikia mwepesi. Ningeendelea hivyo hadi mafuta yaishe, sidanganyi.

Kilichoniokoa ni uchoyo wangu. Zile betri nzuri zilizokuja na hedseti nilikuwa nimezihamishia kwenye redio ya nyumbani, nisikie ibada, na kwenye hedseti nikaweka betri za tochi kutoka dukani. Zikaisha. Kelele ikanirudia yote kwa mpigo, na sauti ya yule mwanamke ikakatika katikati ya neno.

Nami ni fundi. Injini ile niliifunga mwenyewe boliti kwa boliti, naijua kwa masikio kuliko ninavyoyajua mapigo yangu. Nilichosikia kilinitoa usingizini. Ilikuwa inakohoa. Hewa ya ziwa ina unyevu mwingi, na barafu hujijenga kooni mwa kabureta hata siku ya joto; nguvu ilikuwa imeshuka polepole, nami katika ule ukimya sikuwa nimesikia lolote. Nikatazama nje. Maji yalikuwa karibu kiasi kwamba niliweza kuona wimbi moja moja. Nikavuta hewa ya moto kwenye kabureta. Injini ikakohoa zaidi, kama kawaida yake barafu inapoyeyuka, na kwa muda ule nilimwita Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Kisha ikashika. Nikapanda juu na kugeuka kushoto kuutafuta ufuko.

Nilipokaribia Bukoba, mnara wakaniita, maana hedseti ile hupitisha redio hata bila betri. Sikuitika. Nilingoja hadi walipoita mara ya pili, ndipo nikajibu. Wakauliza tuko wangapi, nikasema mmoja. Baada ya kutua yule kijana wa zamu alinipigia simu, akaniuliza mbona leo nimemjibu mara mbili. Eti mwanzo, aliponiita ile mara ya kwanza ambayo mimi sikuitika, nilimwambia tuko wawili, halafu nikabadilisha. Nikamuuliza kama ana hakika ilikuwa sauti yangu. Akacheka, akasema mzee, sauti yako nani asiyeijua.

Nikarudi kwenye ndege kufunga milango. Ile hedseti ya zamani nilikuwa nimeipanua siku nyingi kwa vichwa vikubwa, changu na cha Ta Muta. Vishikio vyake vyote viwili vilikuwa vimesukumwa ndani hadi mwisho, kwa kipimo cha kichwa kidogo, na kipaza sauti kilikuwa kimekunjwa mahali pa mdomo. Niliichomoa nikiwa nimefumba macho.

Ndege bado ninayo na bado naruka, ila siku hizi navaa ile inayobana. Kwenye kiti cha kulia sichomeki kitu. Ta Muta akitaka kupanda, anakuja na pamba zake za masikioni. Ya Koku imo kwenye boksi. Akiniuliza namwambia inafanya kazi vizuri, na kwa kweli ilifanya.

Kwa hiyo wewe rubani unayetafuta hedseti, nunua unayotaka. Tazama uzito, tazama kipaza sauti, weka betri za maana. Ila hakikisha injini yako unaisikia, na kiti kisicho na mtu usikiachie waya. Na ukiulizwa na usiyemwona kama uko peke yako, usimwambie ukweli.

Mimi nimekuwa mzito wa kuitika. Koku akipiga simu naiacha ikatike, nangoja apige tena. Alivumilia kwa muda, siku hizi ananiandikia ujumbe tu. Wiki iliyopita nilikuwa jikoni nikasikia hodi mlangoni, sauti ya mwanamke. Nikasimama na sufuria mkononi nikingoja ya pili. Haikuja. Nilipothubutu kufungua nilikuta sahani imefunikwa kwa jani, ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, na maharage, bado vya moto, na kule chini njiani nikamwona Ma Jeni, jirani ninayesali naye, anaishia kwenye kona. Ni mjane kama nilivyo mimi. Sikumwita.

Mama yangu alinifundisha kwamba kama ni mtu, ataita tena. Basi mimi nawaambia, msije mkadanganyika kama nilivyodanganyika. Ma Jeni ni mtu, na aliita mara moja tu.