Nani Alituweka Nyuma?

Nakumbuka Jumamosi moja nilipobebwa juu kwa juu na wanawake wenzangu, uwanja wa shule pale Magu, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Mwanangu, raha ile sijui nikuelezeje. Robo ya mwisho ya mchezo ilianza tukiwa nyuma kwa magoli sita, na filimbi ya mwisho ikalia tuko mbele kwa goli moja. Ulikuwa mpira wa pete, timu yetu ni ya wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba, na mimi nilikuwa senta, mchezaji wa katikati anayegawa mipira.

Aliyenikumbusha hayo ni mjukuu wangu Neema, anayesoma chuo hapa Mwanza. Juzi alikuja kunisalimia nyumbani Kirumba, na baada ya shikamoo akatoa simu anionyeshe mchezo wa Wamarekani, wa mpira uliochongoka kama yai. Kuna mchezaji wanamwita kwotabeki. Yeye ndiye anayepewa mpira kwanza, kisha anaamua aurushe kwa nani. "Bibi," Neema akaniambia, "huyu ndiye bora kuliko wote. Kila mara anatoka nyuma dakika za lala salama anashinda." Halafu akaniuliza kama hicho ni kipimo cha haki. Mimi mwenyewe nilipimwa kwa kipimo hicho, na nilikipenda sana.

Masenta tulikuwa wawili. Mwenzangu aliitwa Kabula, dada mpole asiyependa makuu. Mwalimu Tereza, aliyekuwa akitufundisha, alitupanga kwa zamu. Siku za Kabula tuliongoza mapema, watazamaji wakaanza kuondoka kabla mechi haijaisha, wakawahi kupika. Siku zangu tulikuwa tukitoka nyuma, hakuna aliyebanduka. Walinitungia hadi wimbo. Kabula hakuna aliyemwimbia.

Wiki ileile niliyobebwa, Mwalimu akatangaza senta wa kuanza fainali ya mkoa, Mwanza mjini. Akamtaja Kabula. Nilimfuata nyumbani kwake nimefura, nikamkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Sikukaa. "Mwalimu, Jumamosi nani alipindua matokeo?"

"Wewe," akasema bila kusita. "Na nani alituweka nyuma?"

Nikababaika, nikasema ni timu. Akaweka ungo chini.

"Mbuke umemwona?"

Mbuke alikuwa mlinzi wetu wa goli. Nilijua ameumia goti siku ile, ila nilikuwa sijaenda kumwangalia.

"Mipira yote uliyoipoteza katikati ilimwangukia yeye," Mwalimu akasema. "Wakati mnaimba, yeye alikuwa anapandishwa kwenye baiskeli apelekwe kwao."

Nilitoka pale nimekasirika bado, lakini miguu ikanipeleka kwa Mbuke. Sasa nikuambie jambo ambalo sikumwambia hata mume wangu kwa miaka mingi. Mwanzo wa mechi nilikuwa sikimbii. Nilitunza nguvu zangu kwa ajili ya mwisho, kwa sababu makofi yalikuwa kule mwisho. Nilijiambia huo ni ujanja wa mchezo. Mbuke alikuwa amenyoosha mguu kwenye mkeka, goti limevimba. Nikamuungamia. Akaniambia, "Nilikuwa nakuona. Ulikuwa unatembea."

"Mbona hukuniambia?"

"Kila mechi yako inaisha unaimbiwa. Ningekuambia saa ngapi?"

Tulilia wote wawili. Goti lilipona, ila hakucheza tena.

Fainali Kabula alianza, akacheza vizuri kama kawaida yake. Lakini baadaye tukapitwa, na hapo nikaona kitu kipya: pasi zake zilianza kwenda ovyo. Hakuwa amezoea kuwa nyuma. Robo ya mwisho Mwalimu akaniingiza, na mara hii nilikimbia tangu pasi ya kwanza, nikarudi hadi kwenye ulinzi kusaidia. Tukabakiza goli moja kusawazisha. Pasi yangu ya mwisho ilimfikia mfungaji sawasawa. Akarusha, mpira ukazunguka juu ya pete, ukatoka nje. Filimbi.

Nilicheza vizuri kuliko Jumamosi ile ya kubebwa, mwanangu, na hakuna aliyeniimbia. Mpira ungezama, ningeitwa shujaa kwa pasi zilezile. Njiani kurudi nikamuuliza Mwalimu, kati yangu na Kabula, nani bora hasa? Akasema, "Hata mimi swali hilo linanisumbua."

Basi nikamjibu Neema hivi: kutulia wakati wengine wanatetemeka ni kipaji cha kweli, usikidharau. Ila mwangalie na huyo kwotabeki wako robo ya kwanza. Angalia nani anamlinda, na nani anadaka anachorusha. Angalia na kwotabeki mwingine ambaye mechi zake haziishii kwenye presha. Akanitazama, akairudisha video mwanzo kabisa. Tukaanza kuangalia upya, na mpaka leo tunabishana.

Wewe nawe, mwanangu, nakusihi. Kama una nguvu za dakika za mwisho, anza nazo asubuhi: kwenye masomo, kwenye kazi, kwenye ndoa yako. Usiwaache wenzako wabebe mzigo wako ili wewe uje uonekane mwishoni. Ukisifiwa kwa kuokoa jambo, jiulize lilifikaje pabaya, na nani aliumia kabla hujafika. Na ukimwona mtu ambaye mambo yake yanakwenda shwari siku zote, usidhani hafanyi kitu. Mpe asante yake angali anaisikia.

Mungu akupe afya na moyo usiotetereka. Akupe watu wa kukuambia ukweli, nawe uwe na masikio ya kuupokea. Popote utakapokwenda, upokelewe vizuri, na uwaache watu wakiwa salama kuliko ulivyowakuta.