Taa ya Mawese na Kiganja cha Mkono

Nakumbuka siku moja ya kuanika ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, hapa Rumonge, enzi za Mdachi, nilipoliona jicho la kushoto la binti yangu Zuhura likiteleza kuelekea sikioni. Alikuwa amechoka na jua. Nilipomwita, jicho likarudi. Moyo wangu, mwanangu, haukurudi.

Miaka ile malale, ugonjwa wa usingizi, ilikuwa ikimaliza watu kando ya ziwa, na waliopatikana nayo walipelekwa kambini. Jirani yangu Mama Hamisi, mwenye ulimi mwepesi, akasema huku akigeuza ndagala, "Jicho likitoroka, usingizi iko nyuma yake. Umufiche mutoto!" Nikamficha ndani. Kila mlio wa viatu njiani niliudhania askari.

Mama mkwe wangu alikuwa mkunga. Alipogundua, hakunigombeza. Aliwasha utambi katika kigae cha mawese, akakishika mbele ya uso wa Zuhura.

"Tazama vinyota," aliniambia.

Kweli, kila mboni ilikuwa na kinyota cha moto, na vyote viwili vimekaa katikati. Jicho lililopinda, kinyota chake hukaa pembeni.

"Yamenyooka!" nikasema, nikamnyakua mtoto nirudi naye ndani.

Akanishika kanga. "We bibi arusi wa mbio! Kipimo kilichokufurahisha ndicho cha kurudia. Mficha maradhi, kilio humfichua. Twende kwa mganga wa serikali."

Tukaenda. Msaidizi wa mganga, Mmanyema mmoja mpole, alianza kwa kumpapasa Zuhura shingoni, maana malale huvimbisha tezi za hapo. Nilibana pumzi.

"Shingo iko safi, mama. Pumua, usije ukaanguka nikawa na wagonjwa wawili."

Kisha akamshikia mtoto tunda jekundu la mchikichi alitazame, akamfunika jicho la kushoto kwa kiganja, akatulia, akaondoa mkono ghafla. Nikaliona lile jicho likirudi kutoka pembeni, kama mtoto aliyefumaniwa uani.

"Lakini taa ilisema yamenyooka!" nikalia. "Nani mwongo?"

"Hakuna mwongo. Watu wawili wakipiga kasia pamoja, mtumbwi unakwenda sawa, na taa inauona mtumbwi tu. Mimi nimemtenga huyu wa kushoto na mwenzake, nione akiwa peke yake anaelekea wapi. Ni mvivu kidogo. Tumzoeze kazi."

Basi kila asubuhi nilimfunga Zuhura kitambaa kwenye jicho zima la kulia, ili lile vivu lifanye kazi, naye akicheza na kunilaani kwa Kirundi. Miezi mingi nililichungulia jicho lile jioni, nikiogopa kuliona likitoroka. Lilichelewa, lakini lilitulia. Leo ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano.

Mwanangu, usimwite mwongo anayepima kwa njia tofauti na yako. Muulize kwanza anapima nini. Na jambo unalolipenda, usiridhike na kipimo kimoja, hasa kile kilichokupa jibu ulilolitamani. Hofu ilinifanya nimfiche mtoto, kisha furaha ikataka kunifanya nimfiche tena. Zote mbili hazipimi kitu.

Mungu akujalie macho yanayosaidiana, na akuwekee karibu mtu wa kukushika nguo unapokimbia na jibu tamu.