Kitanda cha Aliyekwenda Tanga

Nilimwonea kijicho binti wa nyumba kabla hata hajachaguliwa. Mimi ni mtoto wa Mutsamudu, kisiwani Nzuani. Nilipelekwa Moroni, kisiwa kingine, kusoma katika chuo kidogo cha biashara kilichokuwa juu, njia ya Mvouni, nikakaa kwa mama mmoja aliyekuwa shoga wa mama yangu tangu usichana wao. Binti yake alikuwa rika langu, darasa letu moja na chumba chetu kimoja. Asubuhi tulipanda pamoja kwenda chuoni, mimi nimebeba vitabu vya wote wawili, maana mkoba wake ulikuwa mzuri mno kutiwa vitabu. Kwenye mitihani nilimshinda. Kwingine kote alinishinda yeye.

Chuo kilikuwa na mpango wa kubadilishana wanafunzi na chuo kimoja cha Tanga. Mmoja wetu aende mwaka mzima, mmoja wao aje. Bweni hatukuwa nalo, kwa hiyo sharti lilikuwa hili: anayekwenda, nyumba yao impokee anayekuja, alale kwenye kitanda kilichoachwa. Kwa alama, safari ilikuwa yangu. Kwa kitanda, haikuwa. Kwetu kulikuwa ng'ambo ya maji, na kisiwa chetu kilikuwa kimejitangazia kujitenga na vingine. Meli za Mutsamudu zilionekana wiki hii, zikapotea wiki ile, na hakuna mkuu wa chuo ambaye angempeleka mtoto wa watu huko. Wakubwa waligombania visiwa. Mimi niligombania Tanga, na niliona ugomvi wangu ndio wenye maana.

Nikamwambia mwalimu aliyesimamia safari hizo kwamba kitanda ninacho, hapa hapa Moroni, kwa sababu mama wa nyumba huniita mwanangu asubuhi na jioni. Akasema vizuri, atakuja kumwuliza mwenyewe. Mama akitamka kwamba mimi ni mtoto wa nyumba ile, basi nitakwenda.

Hapa yanipasa nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi. Visiwani mwetu nyumba ni ya binti. Baba hujenga na mume huhamia, lakini kuta ni za mwanamke, na binti huzipata kwa mama yake. Mama yangu kule Mutsamudu alikuwa akininyanyulia ukuta wangu kila saruji ilipoingia bandarini. Na neno la mama mbele ya mashahidi si neno la kuchezea. Akisema leo, mgeni wa heshima na jirani wanasikia, kwamba ana mabinti wawili, iko siku mtu atauliza chumba cha wa pili ni kipi. Hayo niliyajua vizuri. Nilidhani tu kwamba mama wa nyumba ananipenda kuliko kuta zake.

Mwalimu alikuja baada ya sala ya alasiri. Mama alimwandalia mkate wa sinia, na jirani wa upande wa pili, ambaye hakuwahi kupitwa na mkate wa nyumba ile, naye akaja akaketi. Nilisimama mlangoni na birika la chai. Mwalimu akamwamkia mama kwa adabu zote, kisha akamwuliza ana mabinti wangapi.

"Ninaye binti mmoja," mama akasema. "Huyu ni mgeni wetu, na heshima yake anayo."

Nikamimina chai. Mimi hasira hunikaza. Binti wa nyumba alikuwa ameinamisha macho sakafuni, lakini niliuona mdomo wake ukijizuia kucheka, na nilimchukia kwa mdomo ule kuliko kwa safari yenyewe.

Akaenda Tanga. Badala yake akaja msichana mrefu, mchangamfu, mwenye Kiswahili laini. Lugha yake na yetu ni ndugu wasiosikilizana vizuri: neno moja unalikamata, la pili linakuponyoka. Alilala kitanda cha mwenzake, akajifunika shuka la mwenzake, na haukupita muda akawa anamwita mama wa nyumba "mama" bila hata kupepesa macho. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe halikumfikia. Mama alimsagia msindano, mti wa manukato ambao wanawake wetu hujipaka usoni, akampaka kwa vidole vyake mwenyewe. Akamnunulia leso mpya. Mimi nilivaa leso kuukuu za binti yake, na nilizivaa kwa hofu, kwani mji ulikuwa umeanza kuwachukia watu wa kisiwa chetu. Shiromani yangu, kile kitambaa chekundu wanachojitanda wanawake wa kwetu, niliificha chini kabisa ya sanduku. Njiani nilinyamaza, maana matamshi yangu yalitosha kunitaja.

Kiswahili nilijifunza kwa msichana yule, na nilijifunza kwa wivu mtupu, ili yule aliyekwenda Tanga akirudi nimshinde na hicho pia.

Kisha mazungumzo ya kuwapatanisha wakubwa yakavunjika, na vijana wa Moroni wakaanza kupita mitaani wakiwasaka watu wa Nzuani. Wako waliotolewa majumbani, vyombo vyao vikatupwa barabarani. Mama akatukataza kutoka. Mgeni wetu wa Tanga, kwa wema wake, akaona anifulie nguo. Akatoa vyote vilivyokuwa sandukuni, na shiromani pia, akaianika mbele ya nyumba, upande wa barabara, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na jua. Kwao Tanga nguo ni nguo.

Walikuja jua likiwa bado kali. Mmoja wao alikuwa na kipande cha bomba. Mwingine aliivuta shiromani kutoka kwenye kamba, akauliza ni ya nani. Mtaa mzima ulikuwa vibarazani ukitazama. Mama akatoka, leso imemteleza kichwani na asiirudishe. Mimi na mgeni tulikuwa nyuma yake, tumeshikana mikono, na kwa mara ya kwanza sikumchukia. Wakataka sisi wawili tuseme neno, watusikie. Mama akatandaza mikono mlangoni.

"Hawa ni binti zangu," akasema. "Wote wawili nimewazaa mimi. Anayewataka aanze na mimi."

Walimjua tangu utotoni, na wengine wao aliwahi kuwalisha. Wakaitupa nguo chini, wakaenda nyumba nyingine.

Nikaenda nikaiokota shiromani yangu. Na huku nikiikung'uta vumbi nikawaza kwamba neno nililolitamani nimelipata, na mashahidi ni mtaa mzima, lakini nimelipata nusu. Nusu ya pili kapewa huyu aliyeianika nguo yangu barabarani. Ndivyo nilivyo. Nimeponea chupuchupu, na bado jicho langu liko kwenye fungu la mwenzangu.

Asubuhi yake tulikuwa uani tukimenya ndizi mbichi. Yule jirani akaja akamtania mama: sasa ana mabinti watatu, basi aanze kupandisha ghorofa, kwani mtaa mzima umesikia. Mama akacheka huku akiendelea kumenya.

"Wale vijana wa jana hawakuja kutaka nyumba," akasema.

Wakacheka wote. Mgeni alicheka zaidi yao, kwa sababu hakujua alichokuwa amepewa wala alichonyang'anywa. Mimi nilikusanya maganda, nikaenda kuyatupa, nikakaa huko nje mpaka waliponiita.